Mizani ya Posta

Washairi wana mizani yao; yangu ni ya shaba.
Asubuhi ilipima siagi,
adhuhuri ikampima Fiachra Mulkerrin:
ratili mbili na nusu, bahasha ya kaki,
anwani ya Paris, mvua mabegani.

"Humu mna nini?"
"Ng'ombe wa mama yako," akasema, "na ule ugomvi wa mpaka."
Nikacheka. Nikalamba stempu.

Miaka sita nililamba stempu zake.
Padri akalipiga marufuku jina lake madhabahuni;
kitabu kikaturudia kwa magendo,
kimeviringishwa karatasi ya bucha, chini ya soseji.

Nilikisoma usiku, udongo wa kinamasi ukifuka mekoni.
Ng'ombe alikuwa yeye hasa, na pembe yake iliyovunjika,
na mama, mikono kiunoni,
akitema Kiayalandi chetu ndani ya Kiingereza cha mabwana
hadi Kiingereza kikavimba mashavu.

Juzi imefika barua kutoka Osaka.
Fiachra tumeshamzika, basi nikaifungua mimi.
Mwanamke anauliza kama yule ng'ombe alipona.

Nimeiweka kwenye mizani: gramu kumi na nne.
Sijui nimwambie tulimla.