Hukumu ya Joka

Limefika ndani ya boksi lililobonyea upande,
kutoka duka la ghorofa ya pili, Mtaa wa Kongo,
ambako dada Zaituni alitajiwa bei ya mwisho mara tatu
na mara zote tatu haikuwa ya mwisho.
Vipande mia sita na kumi na viwili.
Nikavihesabu kwenye sinia la kuchagulia mchele,
maana mimi ni fundi wa Keko: siamini boksi,
siamini hata kipimo cha mteja.

Kitabu chake hakina neno hata moja.
Picha tu, na mishale, na mkono usio na mtu.
Tunu, miaka minane, alikisoma kama barua yake mwenyewe.
"Mjomba, cha kijivu. Sio hicho. Chenye vitundu viwili."
Nimepitiwa na vijana kumi na mmoja karakanani,
hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa upole ule.

Usiku wa kwanza, miguu.
Wa pili, umeme ukakatika tukiwa shingoni,
tukamalizia uti wa mgongo kwa tochi ya simu,
kila kipande kikisema *tak* gizani
kama mtu anayekubali jambo kwa shingo upande.

Basi nahukumu, kama ninavyohukumu kitanda.

Mkia: viungo tisa, kila kimoja kinapinda
na kubaki kilipopindwa. Hapo aliyelibuni hakusinzia.
Taya linafunguka, meno yamo, ila halifungi sawasawa;
lina sura ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mabawa ndiko ilikokwenda hela ya Zaituni.
Lakini la kushoto, ukiliinua,
linashuka lenyewe, polepole,
kama mkono wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu.
Na macho, jamani. Macho ni stika!
Joka la bei hii, jicho la kubandika,
na joto letu hili la Machi!

Zaituni alikwisha kufuta rafu
kwenye kabati nililomchongea mimi, mninga mtupu,
kati ya vikombe vya wageni ambao hawajaja bado.
Likasimama kwa miguu ya nyuma,
bawa moja juu, jingine likitafakari.
Mwenye nyumba alikuja kudai kodi
akasahau kwa dakika nzima.
Kwa kutazamwa: nane kwa kumi.
Moja nimekata kwa bawa, moja kwa macho.

Mama mtu alipotoka kwenda mashineni,
Tunu akalishusha.
Likaruka juu ya masufuria, likatua kwenye cherehani,
likapigana na kandambili, likashindwa.
Likaanguka mara nne.
Mara ya nne pembe ilikimbilia chini ya friji;
tulipapasa kwa ufagio tukapata shilingi mia mbili,
kifuniko cha kalamu, na pembe hatukuipata.
Mimi pumzi imenikaa kooni. Yeye hata hakulia.
Akakaa sakafuni, akalijenga upya bila kitabu,
mabawa kiunoni, shingo mbili kwa urefu mmoja.
"Hili sasa linaogelea," akasema.

Kitanda changu kikivunjika ni kuni.

Nikachomoa penseli sikioni niandike alama za kuchezea.
"Kwani mjomba umecheza?"
Nikasema nimetazama.
"Basi hiyo ni ile ile alama ya kwanza."

Jioni hii nimekaa karakanani, mlango nimeurudishia.
Pembe nimechonga ya mninga, nimeipiga msasa,
imezidi ile nyingine kwa upana wa ukucha.
Kwanza nimetazama dirishani kama kuna mtu.
Nimeliinua bawa la kushoto. Linashuka.
Nimelipandisha tena, na mdomoni
nimetoa sauti ndogo, ya moto.
Linashuka.