Mstari wa Saba

Simu ni moja, watu ni wanne.
Ina ufa pembeni, imesajiliwa kwa jina langu,
na usiku hulala kwenye chaja juu ya pipa la maji
kama mgeni aliyekosa kitanda.

Jumamosi elfu kumi na mbili ilipotea.
Kwa wengine si pesa. Kwangu ni ndoo ya dagaa,
ni siku nzima ya kuanika juu ya mawe ya Igogo
nikigombana na yangeyange.
Nikasema: leo mwizi wa ndani nitamjua.

Mama Lubinza, muuza vocha, akanionyesha mlango:
bonyeza hapa, shuka, shuka tena,
Vilivyonunuliwa.
Akarudi kwa wateja wake. Nikabaki na orodha.

Almasi mia tano za mchezo: Sayi.
Almasi nyingine: Sayi.
Bunduki ya dhahabu isiyoua hata nzi: Sayi, Sayi,
saa nne asubuhi, mwalimu akiita jina lake darasani.
Nikacheka kwa hasira. Huyu nimempata.
Ningeishia hapo.

Kidole hakikuishia hapo.

Kalenda ya kuhesabu siku za mwezi, shilingi elfu mbili.
Nyamizi. Ana miaka kumi na mitatu,
nami nilikuwa bado nasubiri aje aniambie,
nimemwekea kitenge kipya chini kabisa ya sanduku.
Tangu Machi! Miezi mitano
amekuwa akikieleza kioo kile chenye ufa
alichoogopa kunieleza mimi.

Kisha:
Soma Bila Aibu, Herufi kwa Watu Wazima.
Elfu tatu na mia tano. Saa nane usiku.
Nikadhani orodha imekosea nyumba.
Masanyiwa, mume wangu,
anayesema nisomee wewe, macho yananiuma,
niliyempeleka Bugando nikamnunulia miwani
akaivaa miaka mitatu bila neno;
anayechora magunia kwa mkaa pale Mwaloni,
duara, msalaba, duara,
nami nikidhani ndiyo desturi ya kazi.

Wahenga walimwachia kata siri ya mtungi.
Kata, angalau, haandiki tarehe.

Nikatafuta pa kufuta. Hapakuwa na kufuta.
Kuna kuficha tu, na kilichofichwa
kina ukurasa wake, na ukurasa una jina:
Vilivyofichwa.

Ndipo nikakumbuka kuwa hata mimi naishi nyumba hii.
Nikahesabu kutoka juu. Mstari wa saba ni wangu.
Jina lake zima, bei, saa.
Kila aliyekwenda kutafuta bunduki ya dhahabu
amepita mlangoni pangu.
Nilichonunua sikitaji.
Ninyi mnaosoma mna simu zenu.

Jioni nilimwita Sayi peke yake.
Nikaweka namba ya siri kwenye malipo,
nikamwambia almasi zimekwisha,
kesho ataanika dagaa na mimi, na keshokutwa,
mpaka elfu kumi na mbili irudi.
Alinitazama kwa muda kuliko kawaida yake.
"Sawa, mama," akasema.
Halafu, akiwa ameshafika mlangoni:
"Zile za chini mimi huwa sizisomi."

Kitenge nimekihamisha. Sasa kiko juu ya sanduku,
mahali mtoto anaweza kukiona bila kuulizwa.

Na Jumapili, tukingoja kivuko cha Kamanga,
Masanyiwa alisimama mbele ya kibao cha bati,
miwani mfukoni,
midomo ikitembea taratibu: u, si, o…
Nikageukia ziwa.
Nikamwuliza muuza karanga bei ninayoijua,
nikaiuliza tena,
mpaka amalize neno.