Ndoo Shinda

Porth Holan haimo katika ramani ya Cornwall unayoijua.
Ukitoka Penzance ukafuata ukungu badala ya barabara,
utaufikia kwa pua kwanza: bati lililoyeyushwa, sufu mbichi,
dagaa wa mapipa, na mkate wa zafarani
unaotoka tanuuni wakati mlinzi wa forodha
anavaa kiatu cha pili.

Matajiri? Tulikuwa nao hadi wa kukopesha.
Paa za shaba, paka wenye posho,
na mtoto wa mchuuzi alijua kuhesabu sarafu za nchi tisa
kabla hajajua kufunga vifungo vyake.

Wageni waliuliza: nani anawatawala?
Tukawapandisha ghorofani, kwenye meza ya mwaloni.
Viti kumi na viwili vya watu.
Cha kumi na tatu, cha bahari.

Kila kikao Jenifry Angwin alishuka ngazi za gati,
vidato arobaini na kimoja,
akachota ndoo mpaka ukingoni,
akapanda nayo bila kumwaga, akaiketisha kitini.
Sheria yetu ilikuwa fupi kuliko kidole:
tone likianguka, bahari imekataa.

Hebu fikiria mabwana wanaojadili ushuru
na hawathubutu kugonga meza.
Ukipaza sauti, maji yanatetema.
Ukiinuka kwa hasira, sakafu inakusaliti.
Nimeona watu wawili waliotaka kuuana
wakinong'onezana bei ya nanga kama wachumba.
Hiyo ndiyo siri ya utajiri wetu, wala si bati:
tulilazimika kusikilizana.

Mimi nilikuwa karani. Kazi yangu wino.

Mwaka wa baridi ndefu, Digory Pascoe, mwenye migodi,
alitaka ngazi za gati ziwekwe lango,
kila mashua ndogo ilipe kabla ya kugusa jiwe.
Mara tatu aliomba. Mara tatu, tone.
Mara ya nne Jenifry alikuwa kitandani na homa,
ndoo ikaletwa na mpwa wa Digory.

Niliiona. Ilikuwa shinda.
Debe shinda haliachi kutika, alizoea kusema mama,
aliyevuka na lugha hii kama mbegu kwenye pindo la nguo.
Lakini ile haikutika.
Walipiga meza kwa ngumi, wakapiga kwa viatu,
na maji yakahangaika huko chini,
mbali na ukingo, kama mfungwa shimoni.
Ndoo shinda; nao wakashinda.
Nikaandika: Bahari imekubali.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku hiyo.

Hatukugharikishwa. Hilo tungelielewa.
Maji yalitoka alfajiri kama kawaida,
hayakurudi.

Siku kumi na tisa meli zililala ubavu kwenye tope.
Lango jipya lilisimama likilinda ngazi za kwenda matopeni,
na mlinzi wake, kwa kukosa la kufanya,
akawadai ushuru kaa.
Paka walikuwa wa kwanza kuhama.

Siku ya ishirini Jenifry aliinuka, shingo bado nyembamba.
Hakuchukua ndoo. Alibeba kiti.
Alikibeba mgongoni, maili mbili za tope,
nasi nyuma yake, wajumbe na soksi zao za hariri,
Digory akiwa amepoteza kiatu, hakuna aliyemcheka.
Akakiweka pale povu linapoanzia.
Hakusema neno. Akageuka.

Tulipofika gatini maji yalikuwa visiginoni mwetu.

Ila hayakupanda hadi alama ya zamani.
Kidato kimoja kimebaki kikavu hadi leo,
watoto hukikalia wakila dagaa.
Baraza limejadili maana yake mara saba,
kwa sauti ya chini, kiti kipya, ndoo imejaa.

Nami wino wangu upo palepale; sheria hairuhusu kufuta.
Chini ya "imekubali" nimeongeza mstari mmoja:
Ndoo ilipungua shibiri nzima.
Niliona.