Matundu Mawili Nyuma ya Kiti

Mhasibu wa Kakira aliyeniuzia Selika
aliapa kwa jina la mamake
kwamba yeye ni mtu wa taarifa ya habari tu, sauti ya chini.
Spika zikamsuta.
Nilipong'oa vifuniko chini ya kioo cha nyuma
koni zilikuwa zimechanika kama chapati ya jana,
na sponji, ee, sponji ilibaki jina:
nilipoigusa ikawa masizi kidoleni.
Miaka ya jua, la Nagoya kwanza, kisha la Jinja,
na jua halibishi hodi kwenye kioo.

Za mbele ziliibwa Nakawa kabla sijaijua gari hii.
Kwa hiyo kila neno la barabarani
lilinijia mgongoni, likikwaruza,
kama mtu anayesema huku anatafuna changarawe.

Jumatano moja, saa moja jioni, darajani,
redio ilikuwa inasoma vifo.
"Tunasikitika," ikasema, ikakohoa,
"wa Bugembe," ikakohoa,
"mazishi kesho saa nane."
Jina likapita kwenye mpasuko
likatumbukia mtoni.
Nikaenda zangu Njeru, zamu ya usiku, kiwanda cha vyuma.
Jumamosi nikakutana na shemeji zake Isabirye sokoni
wakanisalimu kwa heshima ile
wanayopewa wageni.
Hakuna aliyeniuliza ulikuwa wapi.

"Kiti chenyewe cha nyuma hakimkai hata mbuzi,"
Kagoya akasema. "Spika za nini?"
Sikumwambia.

Kisekka, Kaddu akanitolea mbili kwenye gazeti,
elfu themanini, bila kupungua.
"Ndugu wa mama mmoja," akasema.
Baba je? Hapo akaita mteja mwingine.

Matundu ya gari yana umbo la yai. Spika ni duara.
Mwondha, fundi redio wa Walukuba,
ambaye sikio la kushoto lilimfia na homa utotoni,
hakucheka. Alivunja sanduku la chai
akakata pete mbili za mbao kwa msumeno wa chuma,
akazijaribu, akazikwangua, akazijaribu.
Kisha akaomba betri ya tochi.

"Waya zako zimezeeka, zote kijivu.
Zitasema zenyewe."
Akagusisha betri, tik,
kidole cha shahada juu ya koni
kama anayepima joto la mtoto.
Ikiruka juu, chanya. Ikizama, hasi.
Tik. Tik.
"Ukikosea moja," akasema, "hii inasukuma, ile inavuta,
besi inafia hewani.
Zitapiga kelele zote mbili
na wewe usisikie kitu."
Kagoya, mlangoni na sufuria,
akanitazama.
Mimi nikatazama bisibisi.

Moshi wa risasi, harufu yake ya dawa.
Skrubu saba badala ya nane, moja imetuponyoka majanini.
Funguo. Taa ya redio.

Na ilikuwa saa ile ile ya vifo.
Mzee Balikowa Yeremiya, wa Buwenge,
fundi baiskeli mstaafu,
ameacha wajane wawili, watoto kumi na mmoja,
na deni lolote lipelekwe kwa kaka yake Tenywa.
Simjui. Nikamsikia mpaka herufi ya mwisho.
Mwondha aligeuza sikio lake la kulia,
akabandika kiganja kwenye bodi,
hakukiondoa mpaka tangazo la sabuni.

Jumapili nitakwenda Bugembe. Nimechelewa wiki sita,
nitabeba sukari,
na habari za spika nitaziacha garini;
nani atazipokea kama udhuru?

Zile za zamani Babirye amezivunja apate sumaku.
Ameifunga kamba, anaiburuta uani kama mbwa,
inaokota misumari, vizibo, pini ya nywele ya mamake.
Sasa hivi amekuja na skrubu ya nane,
ina vumbi, imeshikwa barabara,
na anadai shilingi mia tano.