Hadi Tik

Bonyeza, kisha zungusha: ndivyo kilivyoandikwa.
Bi Halldóra anabonyeza, anazungusha,
kifuniko kinalia tik, tik, kinamcheka.
Dawa ya viungo, inayodai viungo vizima kuifungua!

Theluji ya Akureyri imefika dirishani.
Anajaribu koleo, kisu, meno yaliyobaki,
kisha kalamu: “Waheshimiwa wa kiwandani,
aliyebuni chupa hii hana mama?”

Mjukuu anaingia na soksi zilizolowa,
miaka sita,
anaifungua huku akipiga mluzi,
anauliza kama ni peremende.

Bibi anamnyang’anya. Anahesabu vidonge mara mbili.
Anaifunga hadi tik.

Barua haijatumwa. Haijachanwa pia.
Usiku, vidole vikiwaka moto,
anaongeza mstari, “Hata hivyo,”
na wino unamkaukia.