Mla Vidogo

Kibanda changu Majengo, kando yake msikiti,
Hutuma pesa na vocha, huandika kila senti;
Mia ikinipotea, silali wala siketi,
Najua bei ya chumvi, ya sukari na sabuni.

Kijana wangu Swabiri, kidato cha pili yuko,
Akivua tu viatu, hatazami hata jiko;
Ndani ya simu ni vita, bunduki na milipuko,
Na vitani kuna duka, na duka halina dini.

Huuza vito vya rangi, waviita almasi,
Ukitoa hamsini, wakupimia kiasi,
Kama mafuta ya pima: kibaba hicho na basi!
Leo kofia ya chuma, kesho mbawa mgongoni.

Mwezi wa Rajabu wote, nilikaa nikapiga
Hesabu ya hamsini, zilizokula ya mboga:
Elfu moja na mia! Nikahisi kama woga.
Mla vidogo hajui kapu limekwisha lini.

Jirani yangu Barke, wa viazi vya karai,
Asema: "Itupe simu, kijana hatakudai!"
Yeye mwanawe wa kwanza, mikeka ndio uhai.
Kimya nikamwitikia, hesabu iko moyoni.

Akasema: "Mama, ipo kadi ya mwezi mzima,
Mia sita, mara moja, sitarudi kukukama,
Na kila siku ni vito, vyanyesha kama neema.
Wewe bingwa wa hesabu, hii huioni kwani?"

Nikaishika kalamu, mia sita kuigawa
Kwa siku zake za mwezi: ishirini, zote sawa.
Nikaona ni nafuu, mtoto kapambanuwa,
Lakini mimi ni mtu nimeishi na madeni.

Cha mwezi nakifahamu, hutozwa hata ulale,
Uugue, usafiri, simu ufungie kule;
Na vito usivyochota, kesho huvipati vile.
Sinia zima la wali, kwa mgonjwa ni la nini?

Kwetu maji ya mtungi, mkokoteni yaletwa,
Ishirini kwa mtungi, bomba siku likikatwa;
Na bili ya bomba yaja, hata tone halikutwa.
Nalipa huku na huku, nafuu iko kwa nani?

Kumbe na ya hamsini, ina meno yake pia:
Huuza vito sitini, sabini ndiyo kofia;
Ununue mara mbili, hamsini vyabakia,
Vyako, lakini si vyako: havitoshi hata pini.

Nilicheka peke yangu, ujanja ule wa kwetu!
Kwangu majani ya chai: kumi, vijiko vitatu;
Asiyeimudu kilo, hulipa kilo na kitu.
Basi nimcheke nani, wa duka lile simuni?

Usiku wa Ijumaa, nikasikia acheka:
"Kaka, nyuma yako, nyuma! Jifiche, watakushika!"
Kaka gani? Shee yuko Doha, unaisha mwaka,
Bawabu, hapigi simu, husema yuko kazini.

Nikasogeza pazia, sauti ni yake hiyo.
Yule kwetu huwa kimya, humu kafungua moyo,
Aeleza lile joto, na kidonda cha unyayo.
Kati ya risasi mbili, nikajua ana nini.

Chumba kile cha wawili, hakifunguki kwa vito,
Huingii bila kadi, mkubwa wala mtoto.
Nikafuta mahesabu, kalamu ikawa nzito;
Mia sita nikatuma, sikuandika bukuni.

Mukiniuliza leo, ipi rahisi kwa bei:
Kadi, ukicheza sana; vinginevyo sitetei.
Vito, kama ni vya Idi, mara moja, sigombei.
Ila jicho kwa tarehe: hukata bila idhini.

Juzi tarehe ikaja, mia sita zikakatwa,
Mtihani umefika, simu haigusi kutwa.
Nikaiwasha mwenyewe, saa saba imepitwa:
"Shee, ni mimi, mamako. Hubonyezwa pande gani?"