Nafasi Tano

Gari limejaa.
Si viti. Viti vina nafasi, ukiondoa marobota ya sare
za darasa la kwanza, na vifungo mia mbili
ndani ya kopo la maziwa.
Kumbukumbu ndiyo iliyojaa.
Kioo kimeandika: simu tano, mwisho.
Ukitaka ya sita, futa moja.

Mwantumu kashika simu yake mpya
kama mtu aliyeshika kifaranga.
"Blutuuthi iko wazi, Mama. Gari ndilo halitaki."
Tumeegesha Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
injini inanguruma, mafuta yanakwenda,
na fundi baiskeli, tairi shingoni,
anangoja tumwachie kivuli chake.

Nikafungua orodha.

Ya kwanza, simjui.
Herufi zake vijumba, vijiti juu ya vijiti,
mtu wa Japani huko, aliyelitia gari hili mafuta
kabla halijapanda meli.
Fundi Chambuso alibadilisha lugha ya redio,
akabadilisha taa, akabadilisha plagi,
huyu akamwacha.
Mwaka wa sita namkuta pale juu.
Siku nyingine namsalimu,
hasa Januari, shule zikifunguliwa
na mikoba ya wazazi haijafunguliwa.

Ya pili, Chambuso mwenyewe.
Alikuja kujaribu spika, hakutoka tena.
"Huyu mfute," Mwantumu akasema.
Huyu ananidai breki.
Nikimfuta atajua nimekimbia deni.

Ya tatu, mdogo wangu Shekue.
Kila Idi anashuka Kange na mabegi yake,
na kabla hajafunga mlango simu yake imeshaingia,
imeshakaa, imeshaanza kupokea watu
ambao mkewe hawafahamu.
Huyo naye ni mgeni; mgeni hafutwi.

Ya nne imeandikwa SEMKIWA,
herufi kubwa tupu,
maana hakujua kuzirudisha ndogo.
Simu yenyewe niliiuza Makorora
wiki moja baada ya arobaini,
kioo kina ufa, elfu thelathini.
Lakini gari halikuambiwa.
Kila nikiwasha humtafuta yeye kwanza.
Kiduara kinazunguka,
natoka Mikanjuni kinazunguka,
nafika reli kinazunguka,
ndipo kinakata tamaa, kinanitafuta mie.
Sijamwambia mtu
kwamba pale relini hupunguza mwendo,
nimpe muda.

Mwantumu kaliona jina.
Hakusema huyu mfute.
Akaifuta simu yake kwa upindo wa mtandio,
pale pale palipokuwa safi.

Ya tano, yangu.

Nikabonyeza.
Kioo kikauliza: una hakika?
(Kuna watu wangeniuliza hivyo mara moja tu
maishani mwangu, ningewashukuru.)
Ndiyo.
"Mama! Hiyo si yako?"
Yangu. Lakini mie sina haja ya kutafutwa,
mie nimeshika usukani.

Zikaja tarakimu sita, huku na huku.
Akazisoma kwa sauti,
nne, sifuri, tisa, tisa, mbili, saba,
kama anayelinganisha risiti na mzigo.
Zinafanana? Zinafanana.
Papo hapo spika zote nne zikapiga kelele
za shoga yake, anauliza hesabu ya ukurasa wa hamsini,
na fundi baiskeli akagonga bati:
"Harusi imeisha, akina mama? Niachieni kivuli!"

Asubuhi tukapeleka sare Chumbageni.
Nikawasha. Kiduara kikaanza kazi yake,
mzee yuko wapi, mzee yuko wapi,
na simu ya Mwantumu imelala mapajani,
inangoja zamu.
Reli ikatokea mbele.
Yeye macho dirishani, vifungo vinacheza koponi.
"Punguza, Mama," akasema.

Nikapunguza.
Baiskeli tatu zikatupita,
moja imepakia jiko.